Kontua zinatoka mistari miwili miwili: napataje vekta safi kutoka kwenye ramani iliyoskaniwa?

BondeLaMto

Habari za humu wakuu.

Nina ramani ya topografia ya karatasi, skeli 1:50,000. Kontua zake (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja) ni za kahawia, kila mita 20, misitu imepakwa kijani, barabara nyekundu, mito bluu, gridi na majina ni meusi. Ninataka kontua zote ziwe mistari ya vekta (mistari yenye koodineti, si picha ya pikseli), kila mmoja na mwinuko wake, kisha nitengeneze modeli ya mwinuko na kuchora mipaka ya vidakio vya mito, yaani maeneo yanayoumwagia kila mto maji yake.

Kabla hamjaniuliza kwa nini nisitumie modeli za bure za SRTM (mwinuko uliopimwa kwa rada kutoka angani): eneo lenyewe lina msitu mnene, na rada ile inaishia ndani ya majani na matawi, haifiki chini. Mabonde membamba ninayoyahitaji yanapotea kabisa. Karatasi hii ndiyo tegemeo langu.

Nilichofanya mpaka sasa ni kuiskani kwa dpi 150 (pikseli 150 kwa inchi), kuihifadhi kama JPEG, kuifungua kwenye Inkscape na kuiamuru ifuatishe picha. Kwa mbali inapendeza. Ukiikuza, kila kontua ni mistari miwili inayokwenda sambamba na kukutana kwenye ncha. Kijani cha msitu kimezaa vidoa visivyohesabika. Namba 1240 imegandana na mstari wake, hujui sifuri inaishia wapi na kontua inaanzia wapi. Na kwenye miteremko mikali kontua nne au tano zimeungana zikawa bonge moja.

Kuna programu inayoifanya kazi hii vizuri zaidi, au nikubali kuchora kwa mkono mstari mmoja mmoja? Ninatumia QGIS, programu ya ramani. GRASS ninayo pia, ingawa sijaizoea.

PenseliNyembamba

Mkuu, hiyo ya mistari miwili si hitilafu. Inkscape inatumia Potrace, na kazi ya Potrace ni kuzungushia ukingo wa doa jeusi. Yenyewe haijui mstari, inajua umbo lenye unene, na umbo lina ukingo huku na huku. Kwa nembo na herufi inafaa sana. Kwa kontua unahitaji mstari wa katikati.

Inkscape kuanzia toleo la 1.0 ina chaguo la kufuatisha katikati, linalotumia Autotrace. Ila Inkscape haina habari na koodineti, kwa hiyo mimi ningehamia GRASS moja kwa moja.

KontuaKuu

BondeLaMto, karibu sana. Kazi hii naifanya miaka mingi. Nilianza enzi za meza ya kudijiti, ramani imebandikwa kwa tepu, mkononi kifaa chenye kioo na msalaba mwembamba, unabonyeza nukta baada ya nukta. Mtu aliyepita huko anaipenda sana kompyuta inayofuata mistari yenyewe. Lakini ile JPEG yako hakuna programu ambayo ingefaulu nayo, kwa hiyo tuanzie kwenye skana.

Piga hesabu kidogo. Inchi moja ni mm 25.4. Kwa dpi 150 pikseli moja inafunika mm 0.17 za karatasi, ambazo kwa skeli yako ni karibu mita 8.5 za ardhi. Wino wa kontua ya kawaida una unene wa mm 0.1 hadi 0.2 hivi. Yaani unene wote wa kontua ni kama pikseli moja, na rangi yake inachanganyika na ya karatasi iliyo pembeni. Sasa chukua mteremko wa digrii 45. Kontua za kila mita 20 zinaachana mita 20 ardhini, sawa na mm 0.4 kwenye karatasi. Kwa dpi 150 hizo ni pikseli mbili na kidogo kutoka katikati ya kontua moja hadi katikati ya inayofuata. Nafasi nyeupe kati yao haipo tena, ndiyo maana unaona bonge. Kwa dpi 600, mm 0.4 hizo hizo zinakuwa pikseli tisa, na hapo programu ina mistari ya kufuata na nafasi ya kuitenganisha.

Kwa hiyo skani upya kwa 600. Hifadhi TIFF iliyobanwa kwa LZW, achana na JPEG. JPEG inazipunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga, na inafanya kazi kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, hivyo kando ya kila mstari mwembamba unabaki ukungu wa rangi ambazo hazikuwahi kuchapwa. Na wewe rangi ndiyo itakayokutenganishia kontua na barabara.

Zima kila kitu ambacho skana inakifanya kwa hiari yake: kunoa picha, kung'arisha, kusahihisha rangi. Kama ramani imechapwa pande zote mbili, weka karatasi nyeusi nyuma yake ili maandishi ya upande wa pili yasipenye. Kama skana yako ni ndogo na unaskani vipande, viachie mwingiliano wa kutosha, lakini tafadhali usiviunge kwa programu za kuunganisha picha za mandhari. Zile zinapinda picha ili maungio yapendeze, na upindaji huo huwezi kuufuta baadaye. Kila kipande utakuja kukipa koodineti zake baadaye kwa misalaba ya gridi iliyochapwa, vitakutana vyenyewe.

Ukimaliza rudi hapa. Ya rangi ni habari ndefu.

Rasta_na_Vekta

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Kwa karatasi moja, hangaiko lote hili la kutenganisha rangi halilipi. QGIS ina plagini inaitwa Raster Tracer. Unabonyeza mwanzo wa kontua, unabonyeza mbele kidogo, yenyewe inafuata pikseli za rangi inayofanana hadi ulipobonyeza. Ikifika penye namba au barabara unaruka kwa mkono na kuendelea. Mstari unatoka mmoja, wa katikati au karibu na katikati, na kila ukimaliza mstari unauandikia mwinuko wake hapo hapo. Leya yako iwe ya aina ya MultiLineString, la sivyo itagoma.

Mtu na kipanya anajua kontua ipi ni ipi. Programu haijui.

BondeLaMto

Nashukuruni wote. Nimeskani upya kwa 600 na TIFF, na tofauti naiona kwa macho. Lile bonge limefunguka, kontua zote zinahesabika.

Nimejaribu kuchagua rangi ya kahawia kwa kikokotoo cha rasta (picha ya pikseli): nikabonyeza pikseli kadhaa za kontua, nikasoma thamani zake za nyekundu, kijani na bluu, nikaweka mipaka. Nje ya msitu imetoka vizuri sana. Ndani ya msitu kontua karibu zote zimetoweka. Nikipanua mipaka ili zirudi, barabara nazo zinaingia. Hapo ndipo nilipokwama.

Rasta_na_Vekta, plagini nitaijaribu, ila kuna karatasi za jirani zinazokuja baada ya hii, ndiyo maana natafuta njia ninayoweza kuirudia.

KontuaKuu

Kama kuna karatasi nyingine zinakuja, basi kutenganisha rangi kunalipa. Rasta_na_Vekta amesema kweli kwamba mtu anajua kontua ipi ni ipi, na nitamrudia baadaye, kwa sababu kuna sehemu za karatasi ambazo mkono ndio pekee utakaofaa.

Kwanza kwa nini kontua zinatoweka msituni. Ramani hizi huchapwa kwa wino mmoja baada ya mwingine, na wino unapitisha mwanga. Kahawia juu ya karatasi nyeupe ni rangi moja, kahawia juu ya kijani ni rangi nyingine kabisa, imefifia na kuelekea zeituni. Zaidi ya hapo, kuza kijani chako uone: kwenye ramani nyingi si kijani kilichotandazwa, ni vinukta vya uchapaji vilivyopangwa safu safu na nyeupe kati yake. Kontua inayopita hapo inabadilika rangi pikseli kwa pikseli, hapa imekanyaga kinukta, hapa imekanyaga nyeupe. Mipaka ya thamani tatu haiwezi kuikamata bila kuzoa na vitu vingine.

Ninavyofanya mimi ni kuiacha kompyuta igawe rangi zenyewe katika makundi. Katika GRASS ziweke bendi tatu (nyekundu, kijani na bluu) kwenye kundi moja kwa i.group, endesha i.cluster, kisha i.maxlik. Omba makundi mengi kuliko rangi unazoziona. Ramani yako ina rangi tano na karatasi, wewe omba kumi na mbili au kumi na tano. Sababu ni hiyo niliyoieleza: kahawia peke yake, kahawia juu ya kijani na ukingo wa kahawia uliofifia kuelekea karatasi ni makundi matatu tofauti kwa kompyuta, na ukiibana yatamezwa na majirani. Yakishatoka, washa kundi moja moja juu ya ramani na uamue kwa macho. Yote yaliyo kontua yape 1, mengine yote 0. Kundi lenye utata, ambalo nusu ni kontua na nusu ni ukingo wa barabara, liache nje kwanza. Pengo ni rahisi kuziba kuliko kuondoa barabara iliyojipenyeza kati ya kontua.

Usiinyooshe ramani kwenye koodineti kabla ya hatua hii. Ukiinyoosha mapema, programu inakokotoa pikseli upya, na ukichagua njia ya kulainisha inazaa rangi mpya za katikati kwenye kingo zote, ukichagua pikseli ya jirani mistari inatoka na meno. Tenganisha rangi na fuatisha mistari kwenye picha ilivyotoka kwenye skana, halafu ipe koodineti vekta yenyewe. ogr2ogr, programu ya kugeuza vekta, inakubali nukta za udhibiti (nukta ambazo koodineti zake unazijua) kwa -gcp na inaifanya kazi hiyo vizuri.

Sasa una picha ya 0 na 1. Kuna mambo mawili ya kuondoa kabla ya kukondesha mistari hadi unene wa pikseli moja. La kwanza ni vidoa vilivyobaki vya msitu. Wengi hukimbilia kichujio cha wastani cha 3 kwa 3, lakini kichujio hicho kinaufuta mstari wenye unene wa pikseli moja na kinautafuna wa pikseli mbili. Tumia gdal_sieve, inayoondoa madoa kwa idadi ya pikseli zilizoshikana, na usisahau kuweka -8. Bila hiyo inahesabu jirani wa juu, chini, kulia na kushoto tu, na kontua nyembamba inayokwenda mshazari inaonekana kwake kama vipande vipande, inaisafisha na kuitupa. La pili ni vitundu ndani ya mstari. Kitundu cha pikseli moja hukioni kwa macho, lakini kukondesha hakuzibi kitundu, kunakizunguka. Kitakuja kuwa kijiduara katikati ya kontua yako. Bahati nzuri gdal_sieve inaviziba hivyo pia, kwa kuwa kwake kitundu nacho ni doa.

Baada ya hapo r.null igeuze 0 kuwa tupu, r.thin ikondeshe mistari hadi pikseli moja, r.to.vect iigeuze kuwa vekta. Ile hatua ya r.null watu huiruka, na r.thin inahesabu kila seli isiyo tupu kuwa ni mstari, kwa hiyo 0 zako zote zinaingia kazini.

BondeLaMto

Msituni zimerudi! Niliomba makundi kumi na tano, matatu ndiyo yalikuwa kontua kama ulivyosema, na moja la utata nimeliacha nje. Baada ya r.to.vect nina mstari mmoja mmoja.

Sasa mistari ina vinyweleo, vijitawi vifupi vinavyochomoza pembeni. Inapopita namba imekatika. Inapovukwa na barabara imekatika. Na yote imepanda ngazi ngazi kwa kufuata pikseli. Nimeona v.generalize ina njia ya chaiken, nikaijaribu, mistari imekuwa laini ajabu. Niendelee nayo?

KontuaKuu

Subiri kwanza, hapo kwenye ulaini ndipo ninapotaka kukaa na wewe.

Vinyweleo ni rahisi. v.clean ina rmdangle, unaipa urefu na yenyewe inaondoa kila kijitawi kifupi kuliko huo chenye ncha inayoning'inia. Anza na urefu wa unene wa mstari wako kwa pikseli, ongeza polepole. Kijitawi kikiondoka kinaacha kontua imegawanyika pale kilipokuwa kimeota, kwa hiyo pitisha v.build.polylines iviunge vipande. Tahadhari moja: kama ramani yako ina kontua za kati zilizochorwa kwa vistari vya kukatika, kila kistari kina ncha mbili zinazoning'inia, na rmdangle itavila vyote. Vitenge kwenye faili lake kabla ya kusafisha.

Mapengo ndipo ninapomuunga mkono Rasta_na_Vekta. Pengo la namba kwenye uwanda, ambako kontua jirani iko mbali, programu inaweza kuliziba kwa kunasa ncha iliyo karibu. Kwenye mteremko mkali usiiruhusu. Pale kontua zinaachana mm 0.4, na namba au barabara imekata kontua sita kwa mkupuo, ncha iliyo karibu zaidi mara nyingi ni ya kontua ya jirani. Programu itaunganisha 1240 na 1260, na kuanzia hapo karatasi nzima inaweza kupanda au kushuka mita 20 bila mtu kujua. Ziba kwa mkono. Hesabu ncha upande huu, hesabu ncha upande ule, ziwe sawa, kisha unganisha ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Zisipolingana idadi, rudi kwenye picha ya rangi, kuna kontua iliyozama chini ya wino mweusi.

Sasa ulaini. Fungua picha ya skani, weka mistari yako juu, na utafute mto mdogo kwenye bonde jembamba. Angalia kontua zinavyouvuka. Kila moja inapanda upande mmoja wa bonde, inafika kwenye mstari wa bluu, inakunja ghafla na kurudi upande wa pili, ikifanya V yenye ncha inayoelekea mto unakotoka. Ncha za V hizo zikipangana juu ya mstari wa bluu, ndiyo bonde. Sasa washa mistari yako ya chaiken. Nina hakika utaona ncha zimekatwa, V imekuwa U, na kilele cha U kimerudi nyuma kwenye upande wa chini wa mto. Ndivyo njia ya Chaikin ilivyo, inalainisha kwa kukata pembe, na pembe kali zaidi kwenye ramani ya kontua ndizo hizo.

Wewe unataka vidakio vya mito. Habari yote ya maji yanakwenda wapi imo kwenye ncha hizo. Ukizikata, bonde jembamba linakuwa pana na la kina kifupi, na kwenye mabonde madogo kabisa linafutika, hapo utakuwa umerudi kwenye tatizo lile lile la SRTM ulilolikimbia. Waliochora ramani hii waliikadiria ardhi chini ya miti na kuweka kila ncha kwa kalamu. Mimi nasema mstari safi ni ule ambao haujahama kutoka walipouweka. Kama unaonekana una meno kidogo ukiukuza sana, sawa.

Kwa hiyo anza na v.generalize kwa njia ya douglas. Hiyo haisogezi nukta yoyote, inachagua zipi zibaki, na ncha ya V inabaki kwa sababu ndiyo iliyo mbali zaidi na mstari ulionyooka. Umbali wa juu uwe pikseli moja hivi. Kwa dpi 600 na skeli yako pikseli moja ni mita 2.1 za ardhi. Ukitaka kulainisha zaidi ya hapo kwa ajili ya uchapishaji, fanya nakala na uilainishe hiyo nakala. Modeli ya mwinuko ijengwe kwa mistari ambayo haikulainishwa. Na kumbuka kila mstari unalainishwa peke yake bila kumjua jirani, hivyo kwenye miteremko mikali mistari iliyolainishwa sana inaweza kukatana, jambo ambalo kontua haziruhusiwi.

PenseliNyembamba

Naongezea kwenye koodineti kwa sababu naona bado hujafika huko. Usichague thin plate spline (njia inayoipinda ramani ili kila nukta ikae pake) kwa kuvutiwa na makosa ya sifuri. Njia hiyo inailazimisha kila nukta ya udhibiti kukaa pale ulipoiweka, kwa hiyo sifuri itatokea hata kama umesoma vibaya namba ya gridi. Tumia polinomi ya daraja la kwanza. Inataka nukta tatu tu, lakini weka kumi na tano au ishirini, zitawanywe hadi kwenye pembe na katikati, na uangalie kosa la kila moja. Nukta moja ikiwa na kosa kubwa peke yake, umekosea kuisoma. Zote zikiwa na makosa yanayoelekea upande mmoja kwenye mkunjo wa karatasi, karatasi imevutika, na hapo daraja la pili lina sababu. Mm 0.1 kwenye karatasi ni mita 5 kwako, ukifika hapo umefanya vizuri.

Na soma pembeni mwa ramani datamu iliyotumika, yaani msingi ambao koodineti zake zimepimwa. Gridi ya zamani ukiichukulia kuwa WGS 84, datamu ya GPS, mistari yako yote inaweza kuhama mamia ya mita, ikiwa na umbo zuri kabisa, mahali pasipo pake.

BondeLaMto

KontuaKuu, nimeangalia V kama ulivyoelekeza. Kwenye kijito kimoja cha kaskazini mwa karatasi ncha tano mfululizo zilikuwa zimerudi chini ya mstari wa bluu. Nimeitupa nakala ya chaiken, nimetumia douglas kwa pikseli moja, ncha zimekaa juu ya mto. Koodineti nitafanya kwa gridi, nukta ishirini.

Kimebaki kimoja: mwinuko. Nina mistari mingi na namba zimeandikwa kwenye michache tu. Kuna njia isiyo ya kubonyeza mmoja mmoja?

KontuaKuu

Ipo. Anza na kontua nene, kwa kawaida kila ya tano, na namba nyingi ziko kwenye hizo. Kwako ni kila mita 100. Zipe hizo mwinuko kwa mkono, ukisoma kwenye picha. Kisha chora mstari wa msaada kutoka bondeni hadi kileleni, ukate kontua zote kwa mpangilio, na zile zilizo kati ya nene mbili zinapata thamani zao kwa kuongeza 20 kila hatua. Kati ya 1200 na 1300 lazima zikatwe nne. Zikiwa tatu, moja imepotea kwenye kufuatisha. Zikiwa tano, kuna mstari usio kontua umeingia, mara nyingi ni njia ya miguu. Mstari huu wa msaada kwa hiyo unakufanyia ukaguzi wakati ule ule unapotoa mwinuko, na ndiyo sababu siupendi mtindo wa kuandika mwinuko mstari mmoja mmoja wakati wa kuchora.

Mahali pa kuwa mwangalifu ni penye mgongo kati ya vilele viwili na penye mashimo. Mgongoni kontua mbili za thamani moja zinatazamana, hakuna kupanda wala kushuka kati yao, na mstari wa msaada uliopita hapo utaongeza 20 isiyostahili. Usiupitishe mgongoni, ushushe upande mmoja. Mashimo yana vistari vidogo vinavyoelekea ndani. Hapo kontua ya kwanza ya shimo ina thamani sawa na ya kontua jirani iliyo chini zaidi, na kuelekea ndani unatoa badala ya kuongeza. Vistari hivyo kukondesha kunavigeuza vinyweleo na rmdangle inavifuta, kwa hiyo itafute alama hiyo kwenye skani yenyewe, kwenye vekta hutaiona.

Kama karatasi ya jirani itakuja na kontua za futi, andika thamani ya futi kwenye safu yake kama ilivyochapwa na uweke mita kwenye safu ya pili kwa kuzidisha 0.3048. Usiifute ya kwanza. Siku mstari mmoja utakapotiliwa shaka, utataka kuilinganisha na namba iliyochapwa, na 365.76 haitakuambia chochote ila ukikumbuka ilikuwa 1200.

Ukishajaza yote, kagua mambo haya kabla ya modeli. Hakuna kontua mbili zinazokatana. Hakuna kontua yenye ncha inayoning'inia ndani ya ramani. Kila moja ama inajifunga yenyewe ama inaishia ukingoni mwa karatasi. Kisha jenga modeli. r.surf.contour ya GRASS inafanya kazi kwa kontua zilizogeuzwa rasta, na ukiweza kupata programu inayotumia ANUDEM, itumie hiyo, maana Michael Hutchinson aliitengeneza makusudi ili maji yatiririke, inapokea mito yako ya bluu pamoja na kontua. Usitumie pembetatu za TIN kwa kontua peke yake. Kwenye vilele na ndani ya zile V, pembe zote tatu za pembetatu zinaangukia kontua moja, na unapata sakafu tambarare mahali ambapo bonde linashuka.

Modeli ikitoka, iwashie kivuli cha milima. Kontua iliyopewa mwinuko usio wake itaonekana kama ukuta au kama mtaro unaozunguka kilima kwa umbali ule ule, huwezi kuikosa. Halafu toa kontua mpya za mita 20 kutoka kwenye modeli, ziweke juu ya skani. Zikifuata wino wa kahawia, anza kuchora vidakio.

Mito ya bluu ifuatishe kwa njia hiyo hiyo ya makundi ya rangi, ni michache na kazi yake ni nyepesi. Ila hakikisha kila mstari wa mto umechorwa kuelekea maji yanakokwenda, ANUDEM inaufuata mwelekeo huo.

BondeLaMto

Nimeelewa. Naanza na kontua nene leo, mito naifuatisha baada ya hapo. Kivuli cha milima kikitoka nitakiweka hapa mkikague.